Shuka Kuukuu kwa Mgeni

Toowoomba, Australia
9 Machi 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza ukali. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, huyo binti yako analalamikia baridi hata wakati wa jua kali. Mimi bado nipo kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, na wazee wangu wananipenda ingawa hawashiki jina langu.

Sasa habari yenyewe. Nilikuambia kwamba tangu mwaka jana najifunza kwa Cathy, jirani yetu, anayewatunza wanyama wa porini walioumia mpaka wapone na kurudi kwao. Jumanne nikitoka kazini nilikuta kangaruu jike amegongwa na gari, amekufa kando ya barabara. Cathy alinifundisha: usipite, angalia mfuko wake kwanza. Nikaingiza mkono, nikagusa kitu cha moto kinachotetemeka. Ni dume, manyoya ndiyo kwanza yanaota, masikio yamelala kama majani yaliyonyauka. Cathy amesema nimlee mimi, yeye atasimamia. Ndiye wa kwanza wangu.

Anakaa ndani ya mfuko wa kitambaa ninaoutundika mahali penye joto, maana anadhani bado yuko kwa mama yake. Mifuko inachafuka haraka, na kushona kwangu unakujua. Unaweza kunishonea michache? Cathy anasema iwe ya pamba kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, isiyo na urembo wowote. Vipimo nimevichora nyuma ya karatasi hii.

Usicheke, Babu.

Mjukuu wako,
Iteka


South Beach, Durban
24 Machi 2024

Iteka, mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Goti halijapunguza ukali, lakini tumezoeana. Lifti ya jengo letu imepona wiki hii, kwa hiyo mimi na goti tunashukuru pamoja. Mwambie mama yako avae soksi.

Sikucheka. Niliisoma barua yako mara mbili nikiwa kwenye cherehani, mpaka Marcelline akauliza kama kuna msiba. Unamkumbuka Marcelline, yule Mkongomani wa saluni ninayechangia naye chumba cha kazi. Nilipomweleza, aliacha kusuka akaniuliza, "Papa Libère, huyo mutoto ni wa kabila gani?" Nikamwambia ni yatima, na kwa sasa hilo ndilo kabila lake. Akasema, "Basi ni wa kwetu."

Hukusema anakula nini. Mpe maziwa ya ng'ombe. Sisi Warundi hatujawahi kusikia mtoto aliyedhurika kwa maziwa ya ng'ombe.

Kuhusu mifuko: umeandika "kuukuu". Nadhani ulikuwa umechoka. Mgeni akiingia nyumbani, tena yatima, hapewi kuukuu. Nilipokimbia Burundi nikavuka kuingia Kigoma mwaka 1972, kijana wa miaka ishirini, nilipewa koti la marehemu mmoja wa Ulaya. Lilikuwa zuri na lenye joto, na kila nilipolivaa nilijua kwamba ni la mtu mwingine. Sikulalamika. Ila nilijiambia kwamba siku nikipata cherehani yangu, atakayepitia mikononi mwangu atavaa kipya.

Kwa hiyo nimenunua kitenge kipya, cha buluu na manjano, nikashona mifuko sita. Midomo yake nimeitarizi kwa uzi wa dhahabu, ule wa magauni ya harusi. Ruphin, anayesafirisha vifurushi, ameondoka nayo leo. Niambie mgeni ameipokeaje.

Babu yako,
Libère


Toowoomba
28 Aprili 2024

Babu,

Shikamoo. Tu wazima, Mama amenunua soksi.

Mifuko imefika. Mama alitaka kubaki na mmoja aende nao kanisani. Cathy aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye uzi wa dhahabu, kisha akasema, "Babu yako ni fundi kweli." Mgeni wako ameshaingia katika mmoja. Ungemwona: anatanguliza kichwa, anapinduka humo ndani, halafu uso unatokea ukiwa katikati ya miguu yake mirefu. Nimetuma picha kwenye simu ya Gilbert, yule wa duka la simu hapo kwenu.

Maziwa ya ng'ombe, Babu, yanawaharibia watoto wa kangaruu macho mpaka upofu. Wana maziwa yao ya unga, tunawapa kwa chupa yenye chuchu ndefu kama kidole. Najua utahitaji siku kadhaa kuizoea habari hii.

Mjukuu wako,
Iteka


Durban
16 Juni 2024

Iteka mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na baridi ya hapa unaijua, ni ya sweta moja tu. Habari ya maziwa nimeizoea, ila sijaisambaza kwa Warundi wenzangu.

Gilbert alinichapishia ile picha, nimeibandika juu ya cherehani. Wateja wanauliza kwa nini nimeweka panya mkubwa ndani ya kitenge. Laurette, yule anayeuza nguo karibu na mtaa wa Point, hakosi kupita kila siku kumsalimia mgeni. Ananiuliza, "Amekua?" nami najibu amekua, amekua, huku sijui lolote.

Nimekuandikia kwenye simu, hukujibu. Nikampigia mama yako, naye akasema, "Baba, muulize mwenyewe," kisha akaanza kunisimulia habari za hali ya hewa. Huyo binti yangu Sonia hajawahi kuzungumzia hali ya hewa nami ila pale anapoficha jambo.

Kama amekufa, niambie. Nimezika wakubwa kuliko huyo.

Babu yako,
Libère


Toowoomba
30 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Niko mzima wa mwili.

Hajafa. Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta amening'inia nusu nje ya mfuko, amechoka kabisa kwa kupiga mateke. Uzi wa dhahabu ulikuwa umenasa kwenye ukucha wa kidole kikubwa cha mguu, ukajizungusha, ukakaza. Kidole kilikuwa cheusi. Hicho ndicho kidole anachojisukumia. Kangaruu bila kidole hicho haruki, na asiyeweza kuruka haruhusiwi kurudishwa porini. Wa namna hiyo daktari wa wanyama humlaza kwa sindano, asiamke tena. Hiki cha kwake daktari amekisafisha, amekifunga, amesema tusubiri tuone kama nyama itarudi kuwa hai.

Kosa si lako, ni langu. Cathy aliniambia siku ileile mifuko ilipofika: fumua uzi wote huu kabla hujamweka. Nikamjibu ndiyo. Nikakaa na mkasi mezani, nikashindwa. Ningewezaje kukata kazi ya mkono wako? Nikajisemea mara moja tu haidhuru, ili nikupigie picha, na mara moja ikawa kila siku. Cathy hakunigombeza. Alisema tu, "Kwetu zawadi ikiwa haifai, tunasema." Sikuweza kumweleza kwamba kwetu haisemwi.

Mjukuu wako,
Iteka


Durban
20 Julai 2024

Iteka mwanangu,

Leo afya yangu isubiri. Wewe unalala? Unakula?

Sikiliza. Fundi anaishi kwa kufumua. Asubuhi hii nimelifumua gauni la Laurette kwa mara ya tatu, kwa sababu anapokuja kupima hubana pumzi, akifika nyumbani anapumua. Hakuna gauni lililonilaani. Uliogopa kuikata kazi yangu. Hiyo ni heshima, na ni mimi niliyekulea nayo. Basi ni mimi ninayekuambia sasa: kata yote. Uzi wa dhahabu tupa.

Nawe uliniandikia kuukuu, mimi nikasoma nilichotaka. Nilimshonea kijana wa Kigoma, si huyo wako. Huyo hajui kipya ni heshima. Anachojua ni laini na ngumu.

Kwa hiyo nimetafuta shuka kuukuu, na usidhani ni rahisi. Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya watu wote, Warundi na Wakongomani, nikaeleza. Marcelline akawa wa kwanza kujibu: "Mashuka ya zamani? Eish, papa, kwangu haiko. Kwangu iko ya mupya tu." Laurette akadakia, "Na batu ba kule batasema nini? Batasema siye ni bamaskini!" Gracieuse, mke wa mchungaji, akaahidi kuchangisha za dukani. Nikarudi nyumbani nikaitandua shuka ya kitandani kwangu, ile ya mistari, nikaikata. Ilikuwa laini hata mkasi haukusikika.

Jumatatu Marcelline akafika kabla ya wateja, na mfuko wa plastiki kwapani. "Hii ni ya madame ya Queensburgh, kule minafanyaka usafi." Nikasema asante kwa madame. Pindo la shuka ile nililishona mwenyewe, mwaka Marcelline alipofika Durban. Jioni akaja Jean-Bosco, yule mlinzi wa kiwanda kule Jacobs, akiwa na shuka ndani ya koti la kazi: "Sharp, mzee, lakini usimwambie mke wangu." Kesho yake akaja mke wake, Mireille, akaleta foronya za shuka ileile. "Papa, tafadhali, Jean-Bosco asijue." Wiki nzima wamekuwa wakiingia mmoja mmoja, kila mtu na mfuko wake na siri yake, na hata mke wa mchungaji amekuja. Nina siri za vitanda vya kanisa zima.

Sanduku limejaa. Mishono yote iko nje, na ndani nimepitisha kidole changu kidogo kila mahali kama ndicho cha kwake. Ruphin anaondoka Jumatano.

Kuhusu kidole, niandikie ukweli ulivyo. Usinipakie asali.

Babu yako,
Libère


Toowoomba
18 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima, Mama mzima.

Kidole kimepona. Kimepinda kuelekea nje, na daktari anasema kitabaki hivyo. Leo ameruka kutoka jikoni mpaka mlangoni, akaanguka kiubavu, akajitikisa, akaruka tena. Daktari hajasema atarudi porini wala hatarudi. Amesema tumwache akue, kisha aingie kwenye uzio mkubwa pamoja na wenzake, ndipo miguu yenyewe itatoa jibu.

Shuka zimefika. Cathy alitia mkono ndani ya mfuko mmoja akafumba macho. Mgeni amelala katika ule wa mistari na hataki mwingine. Naandika kwa kifupi kwa sababu amekalia mguu wangu.

Waambie asante. Mmoja mmoja.

Mjukuu wako,
Iteka


Toowoomba
4 Mei 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti, na vipi lifti? Picha ulizozipata kwa Gilbert miezi hii zote zilikuwa za uzioni, na kila mara uliuliza swali lile lile nami nikasema bado. Leo nina jibu.

Daktari alikuja mwezi uliopita, akakaa kwenye ndoo, akamtazama akiruka asubuhi nzima. Akasema, "Anatua upande kidogo. Lakini mbwa hatampata." Basi tukawapeleka watano pamoja kwenye shamba linalopakana na msitu. Lango lilifunguliwa tu, likaachwa wazi, na chakula kinaendelea kuwekwa ndani ili atakayeshindwa awe na pa kurudi. Wanne wamekuwa wakirudi kila jioni. Wetu hakurudi hata mara moja. Nilianza kuamini amekufa.

Jana nikamwona. Alikuwa mbali, kwenye nyasi ndefu, na kundi la porini. Nilimjua kwa ule mguu. Nikagonga ulimi kwenye kaakaa, kama nilivyokuwa nikimwita saa ya chupa. Akasimamisha masikio, akasikia, nina hakika alisikia. Kisha akainama akaendelea kula, na kundi liliposogea akasogea nalo. Hakugeuka.

Cathy alinikumbatia akanipongeza. Mimi nimelia ndani ya gari mpaka vioo vikafanya ukungu. Babu, mbona inauma hivi, na ndicho nilichokitaka?

Mjukuu wako,
Iteka


Durban
18 Mei 2025

Iteka, mjukuu wangu,

Marahaba. Goti lipo, lifti haipo, nami nimepanda ngazi leo bila kulalamika kwa sababu nilikuwa na barua yako mfukoni.

Nimeisoma kwa sauti pale kazini. Nilipofika kwenye ukungu wa vioo, mteja wa Marcelline, aliyesukwa nusu ya kichwa, alikuwa anafuta machozi. Laurette akakasirika. "Hakusema hata merci? Mashuka yote ile!" Gilbert akamwambia kangaruu hawasemi. "Angegeuka tu," akasema Laurette. "Kugeuka kunaombaka Kifaransa?"

Marcelline alichukua rasta nyingine. Unajua ana mtoto wake Montréal, yule Gustave. Akasema, huku vidole vinasuka, "Wangu hapigake simu. Mwanzo nililia, nikafunga kula, nikaomba. Kisha mutu mumoja akanitumia photo yake. Amenenepa! Mashavu kama mukate. Nikasema, sawa Bwana, basi. Mutoto mwenye kushiba haitake mama." Tukacheka mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuchungulia.

Umeniuliza mbona inauma. Nina hili tu, ambalo sijawahi kukuambia. Siku wewe na mama yako mlipoondoka hapa, pale uwanja wa ndege, mimi nikiwa upande wa wanaobaki, uligeuka kila baada ya hatua chache. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uligeuka mpaka mama yako akakushika kichwa kwa mikono miwili akakielekeza mbele. Watu waliokuwa kando yangu wakasema, mtoto huyu ana mapenzi. Mimi nilirudi nyumbani na hofu. Niliwaza, huyu atafikaje, anayetembea kinyumenyume? Kila barua yako, kwa miaka mingi, nilikuwa nikiifungua kutafuta jibu la swali hilo, na nilikuwa nikiona bado umenigeukia.

Barua hii ni ya kwanza isiyoniomba kitu wala radhi: umeuliza habari za goti langu kwa mstari mmoja, kisha kurasa zote zilizobaki ni za kwako: shamba lako, daktari wako, kangaruu wako. Sikuumia. Au niliumia kama ulivyoumia wewe garini, na hapohapo nikasikia njaa, jambo ambalo halijanipata kwa muda mrefu.

Bahati nzuri Laurette alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na wali kusherehekea habari za huyo mnyama. Tumekula sote, na yeye mpaka anaosha sahani alikuwa bado anamlaumu kwamba hana adabu.

Babu yako aliyeshiba,
Libère