Misumari Miwili Kila Bati

Jumatatu, 3 Machi
Paa letu limekwenda. Dhoruba ya jana ililikunja kama karatasi. Tumelala kwa jirani, yule tunayemwita Bibi Redio. Mwanangu mzima, nashukuru. Baba yake ni fundi wa mabati, atatuezekea paa zuri kuliko la kwanza. Bibi kamtania: fundi mzima, paa la mkeo ndilo la kwanza kuruka?

Jumanne, 4 Machi
Mabati yamefika. Joto si la kawaida. Mtoto ana vipele shingoni, namkanda kwa kitambaa cha maji. Bibi Redio kasikia mtaalamu redioni akieleza: eneo letu lote limezidi joto, na hewa ya moto inabeba maji mengi. Wingu linaumuka upesi, linashuka na upepo wake. Mume wangu akacheka, akasema: Bibi, upepo wa huku huja jua likizama, nimeuzoea tangu nikiwa kibarua. Bibi akajibu: basi uambie, labda hauna saa.

Jumatano, 5 Machi, mchana
Tumefunikwa! Ila ni misumari miwili tu kila bati. Ndivyo mafundi wanavyofanya — wanashikiza yote kwanza, halafu wanarudi kukaza. Kashindwa kurudi. Bati limepata moto, limemuunguza magoti hata ndani ya suruali. Anasubiri jua lipoe. Amelala sakafuni na mtoto, wanakoroma wote wawili. Mimi natazama bati linavyong'aa, nafurahi kama mjinga.

Leo hiihii, baadaye
Giza, na jua halijazama. Mvua imemwagika ghafla. Bibi Redio anatuita tukimbilie kwake, lakini njia ni mto, mapipa yanaelea. Mume wangu kapanda paani na nyundo, akakaze. Nilimng'ang'ania mguu. Akasema niachie, mama mtoto, likitoka bati moja yanafuata yote.

Tuko chini ya meza, mimi na mwanangu. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika. Kila msumari nausikia. Upande wa jiko tayari. Huku juu yetu bado — bati linanyanyuka, naona mwanga, linashuka. Mtoto anacheka kila nyundo ikigonga. Anadhani baba anacheza naye.

Ngazi imeanguka. Nimeiona ikipita mlangoni, inabebwa na maji. Nimemwita, upepo umekula sauti. Nyundo bado inagonga. Hajui kwamba hana tena pa kushukia.