Felti ya Mwisho ya Anti Noreen

Jumanne, 6 Agosti

Ule mlio. Haujanitoka sikioni tangu jana — kofia ikibanduka kwenye kalibu yake ya mbao. Mwaa! Kama shangazi anayembusu mtoto shavuni kwa nguvu.

Mama alinituma ghorofa ya juu nimsaidie jirani yetu Anti Noreen, mtengeneza kofia, kufungasha. Mwisho wa mwezi anahamia kwa masista, nyumba ya wazee. Mwanawe Trevor amepanga kila kitu kwa simu, kutoka Melbourne. Nilipanda shingo upande. Nina shahada mbili na sina kazi, kwa hiyo wa kutumwa ni mimi. Nikamkuta anaibandua kofia kwa vidole gumba, uso ameuinua darini. Siku hizi haoni ila mwanga na kivuli. Nikamwambia, fanya tena, Anti. Akacheka. Haibanduki mara mbili, mtoto.

Ijumaa, 9 Agosti

Makasha thelathini na mawili! Moja lina kofia ya kijani, ya kubana kichwa, ya enzi za mama yake. Nikaivaa. Kwenye kioo akasimama mtu mwenye mahali pa kwenda. Nilimtazama muda mrefu.

Nimezicheka kofia hizi tangu utotoni. Picha za mabibi zetu, machotara wa Kiingereza na Kihindi, kwenye mbio za farasi, glavu mpaka kiwikoni, wakiililia Uingereza ambayo hawakuikanyaga hata siku moja. Chuoni niliandika juu ya aibu hiyo, nikapewa alama za juu kabisa. Sasa natafuta glavu.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekwenda Misa na ile ya kijani. Desmond wa chini alikuwa mlangoni na chai yake. "Lo! Malkia ameshuka! Farasi umewafunga wapi, mama?" Baraza zima likaangua kicheko.

Mama hakucheka. Njia nzima alisema kwa sauti ya chini: miaka sitini tumehangaika Kolkata ituone watu wa hapa, na wewe unaturudisha nyuma kwa kichwa chako kimoja. Ana haki. Ndiyo taabu yenyewe — ana haki, na mimi sitaki kuivua.

Jumatano, 14 Agosti

Anti ananifundisha. Mvuke wa birika, vuta, mvuke, vuta. Nimeungua vidole vitatu. Ukingo wa kofia yangu unapinda kama jani la kabichi. Alinipapasa mikono, akaguna. "Mikono yako inafikiri mno, mtoto. Kofia haitaki mawazo. Inataka mvuke."

Nimemuuliza nani atavaa nitakazotengeneza. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Hakuna, akasema.

Nikarudi tena alasiri.

Jumanne, 20 Agosti

Leo Anti katoa kitu kutoka uvunguni, kimefungwa kwenye foronya iliyotobolewa na nondo. Felti — manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, laini kama sikio la paka, rangi ya majivu. Ya mwisho. Haiingii tena mjini, na aliyekuwa akiileta amekufa.

"Hii ni ya kwangu," akasema. Nikadhani ya Krismasi. Ya jeneza! Bibi yake alizikwa na kofia ya mkono wake mwenyewe, mama yake vilevile. Yeye mikono imemtoroka. Alininyooshea vidole nivione vinavyotetemeka, kama vile sijaviona siku zote hizi.

"Nitengenezee wewe. Sitaki kwenda mbele ya mama yangu kichwa wazi, atanisema milele na milele."

Nikacheka naye. Kisha nikashuka kwetu nikajifungia bafuni.

Ijumaa, 23 Agosti

Imekaa! Kila mkunjo umekwisha. Anti aliipapasa pande zote, polepole, akasema tu: "Ndiyo." Hajawahi kuniambia ndiyo.

Kwake hakuna pa kukanyaga, nimeishusha chumbani kwangu pamoja na kalibu yake. Masharti: kwa mvua hizi, ikauke siku saba. Isibanduliwe, isiguswe. Felti iliyobanduliwa mbichi hurudi kuwa mnyama, anasema.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeibandua.

Siku ya pili! Nilijiambia ni Misa moja tu, nitairudisha kabla ya chakula. Kwa nje ilikuwa kavu. Haikutoa mlio wowote, na hapo ningejua. Nilijua.

Kanisani hakuna aliyecheka. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma alinishika mkono: huu ni mkono wa Noreen, naujua popote! Nikasema ni wangu. Nilisema hivyo, kwa sauti. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nilikuwa nimeivaa kichwani kofia ya maziko ya mtu aliye hai.

Tulipotoka mvua ikatushika. Mpaka nyumbani imeshanywea, haiingii tena kwenye kalibu. Nikavuta, ukingo ukachanika. Nikaipeleka juu ya jiko la gesi ikauke — sijui nilifikiri nini. Harufu ya nywele zinazoungua. Tundu la kahawia, kiganja kizima.

Jumatatu, 26 Agosti

Anti kauliza inaendeleaje. Nimesema inakauka.

Alhamisi, 29 Agosti

Siku tatu za kutafuta felti. Hakuna. Kwenye kibanda kimoja sokoni mzee akaniuliza, ya maigizo ya shule? Nikanunua kofia ya kiwandani, rangi ya majivu, nyuzi za plastiki, inanuka gundi. Nikaipitishia mvuke. Haikukubali kitu. Nikaishonea bitana ya hariri usiku na mchana, na mshono ule ndio bora niliowahi kushona. Ungempendeza.

Kalibu zote za Anti zimechukuliwa asubuhi na mnunuzi wa vikorokoro. Nilimuuliza atazipeleka wapi. Kuni, dada, akasema, mti mkavu huu unawaka vizuri.

Mama kaniona nimekaa ngazini. Kaniletea chai. Akakaa karibu nami.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumemhamisha. Chumba kina vitanda vinne na dirisha moja. Anti alivaa glavu, akamsalimu kila mgonjwa kama yuko dansini.

Nilimpa kasha lenye ile kofia ya kiwandani, nimelifunga kamba mafundo manne. Nikamwambia Sista Benigna, mbele yake, kwamba lisifunguliwe mpaka siku yenyewe, ndiyo desturi. Hakuna desturi kama hiyo. Nimeitunga njiani, kwenye tramu. Sista akaitikia kwa heshima.

"Kwani humu ndani mna bwana harusi, nisimwone?" Anti akasema, na vitanda vitatu vikacheka. Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Akanivuta chini, akanibusu, akaninong'oneza kwamba sasa anaweza kulala.

Nikatoka. Nilikuwa ngazi ya tatu nilipomsikia, sauti imechangamka kama ya msichana: "Sista, mpenzi, una mkasi?"

Nilisimama. Nilisikia droo ikifunguliwa.

Nikashuka. Sikukimbia, nilishuka kawaida, nikamwamkia bawabu, na tramu ilipokuja nikapanda.