Honeti Zako Ziko Kwenye Debe la Dagaa

Baba Jumanne,

Aibu huna. Umekufa, umeoshwa, umezikwa, watu wamekula pilau yako wakaondoka, na bado unaniletea wanaume nyumbani. Mimi mjane, niko eda, nimevaa nyeupe kama gunia la unga wa ngano, natakiwa nitulie ndani nikuombee. Nitatulia vipi? Kila asubuhi uji haujapoa, Songoro na Filipo wako barazani wanakohoa.

Naandika mwenyewe. Mwajuma, mjukuu wako, alitaka anishikie kalamu nikamfukuza. Kisomo cha watu wazima mimi nilimaliza na cheti ninacho. Wewe ulikimbia wiki ya pili ukasema nyani wanakusubiri shambani.

Hao rafiki zako nilidhani wamekuja kunipa pole. Siku ya kwanza nikawatolea kahawa. Siku ya pili kahawa na kashata. Siku ya tatu Songoro akaacha samaki wake sokoni, akaja mpaka kwenye pazia, akasema kwa sauti ya msibani kabisa, "Shemeji, Mungu amlaze pema. Hivi zile honeti za marehemu, alibakisha?"

Honeti! Virisasi vyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Mtu kafa, anaulizwa virisasi.

Bunduki yenyewe, nayo mnaiita honeti, Jumanne aliipeleka polisi kesho yake ya maziko, maana siku hizi wakimbizi wamejaa mkoa mzima na kila mwenye bunduki anatazamwa mara mbili. Polisi wakauliza na risasi. Nikawajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba mimi mwanamke mjane, najua nini. Kumbe nilishazitia kwenye debe la dagaa, chini kabisa. Usinikemee. Kanzu zako waligawana, viatu kachukua shemeji yako, hata fimbo ilipata mtu. Nilitaka kibaki kitu chako kimoja ambacho hakijashikwa na mkono wa mwingine. Basi.

Sasa polisi wanataka barua ya familia, iseme nani anarithi bunduki, na mwenye kutia sahihi ni mimi. Ndiyo maana baraza imejaa. Mwanao Jumanne hataki hata kuiona. Anasema, "Mama, ile ni ya makumbusho. Tuiuze, nami niombe kibali cha shotigani, nyani wa shamba la Simbo wanikome." Songoro akisikia hivyo anashika kichwa kama amefiwa upya. Filipo anashuka kutoka Kalinzi, nusu ya njia kwa miguu, nusu kwa pikipiki, anafika na vumbi mpaka kwenye kope, hata salamu yake ya "mwakeye" hajamaliza kusema ameshaanza kuhubiri habari ya honeti. Mkristo yule angehubiri dini yake hivyo, Kalinzi pasingebaki mtu nje ya kanisa.

Nimekaa nyuma ya pazia nikawasikiliza wiki nzima, kwa kuwa sina pa kwenda. Eti haimpigi mtu bega. Eti ukiifyatua jicho lako linabaki pale pale, unamwona nyani anavyoanguka. Eti zimekuja nyingine zinazokwenda mbio zaidi, na zote wamezijaribu, na wakirudi nyumbani wanaitaka ile ile ya ujana wao. Nikawauliza, kama zile mpya zina mbio, kwa nini mng'ang'anie hii kongwe? Filipo akajibu, "Mama, ile kubwa ni ya mtu mvivu wa kusogea. Honeti inakutaka utambae, umfuate mnyama mpaka umwone masikio." Nikamwambia wewe una miaka sabini, unatambaa kwenda wapi? Songoro akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Nawe ulikuwa hivyo hivyo. Nakumbuka tulipooana, wenzangu waliletewa kanga na waume zao. Mimi uliniletea ganda tupu la honeti, umelichongea kizibo cha mti, ukasema, "Tilia wanja." Nilikutukana siku mbili. Halafu nikatilia wanja. Nimelitumia mpaka shaba imekuwa laini kama jino la mtoto. Sasa niko eda, wanja siruhusiwi, ganda liko chini ya mto wangu na hakuna anayejua ila wewe.

Nakumbuka na ule mwaka ulipoua nguruwe watatu kwenye mihogo ya Simbo, risasi tatu. Hukutaka kuwagusa, ukawafunga kamba ndefu ukawaburuta ukiwa umegeuza uso na kuziba pua, mpaka kwa jamaa zake Filipo, wakakushangilia kama bwana harusi. Uliporudi nilikuogesha mara saba kwa maji na udongo, na chakula sikukupa. Nimekosa. Ningejua ungekufa ningekupa.

Turudi kwenye shamba, maana hapo ndipo penye moto. Mahindi ya Simbo yamebeba. Unajua ndiyo chakula chetu cha mwaka, hatuna kingine. Na nyani wanajua umekufa. Usinibishie, wanajua. Zamani walikaa kwenye miti wakisubiri jua lipande. Sasa wanakuja asubuhi mapema na watoto mgongoni, wanavunja hindi, wanaonja, wanatupa, wanavunja jingine. Anayewafukuza ni Mama Nyandwi, yule mkimbizi wa Burundi uliyempa kipande cha kulima pembeni, yeye na watu wake, kwa kupiga sufuria. Nyani wa Simbo sufuria wameshaizoea. Karibu wataicheza ngoma.

Jumanne akasema atamaliza kazi siku moja. Akaenda na rafiki yake wa Mwanga mwenye shotigani. Dume lile lenye mkia uliokatika lilikuwa limekaa katikati ya mahindi, limekunja miguu kama karani. Yule rafiki akapiga. Akapiga tena. Baba Jumanne, alikata mistari mitatu ya mahindi kama panga la mlevi! Nyani hata unyoya haukumtoka. Alipanda kichuguu na hindi lake mkononi akawatazama.

Ningecheka. Nilianza kucheka Jumanne aliponisimulia, mpaka alipofika kwenye habari ya Mama Nyandwi.

Ule mshindo wa kwanza ulipolia, watu wake wote walilala chini. Wote, na mzee wao, na watoto, nyuso kwenye udongo, bila mtu kumwambia mwenzake. Wa pili ulipolia, mzee akainuka akakamata sufuria ya maharage, maharage yakiwa motoni, akakimbia nayo mpaka barabarani. Mama Nyandwi alikuwa anapapasa vichwa vya watoto wake anahesabu, anasema "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu kwa lugha yao, anahesabu tena. Walidhani vita vimewafuata. Siku mbili hawakutia mguu shambani, na nyani wakaingia kama walioalikwa.

Siku ya tatu alikuja hapa Ujiji, akakaa nami ndani. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kwa kuacha shamba. Akanitangulia. Akaniuliza kwa nini mtoto wa Mzee hakufanya kama Mzee.

Nikamuuliza, Mzee alifanyaje?

Ndipo mgeni akanieleza habari za mume wangu mwenyewe. Kwamba kila ulipokwenda kupiga ulipita kwanza kwao, ukachuchumaa, ukainua kidole kimoja, ukawaambia watoto, "Leo napiga moja. Italia pa! kama kijiti. Moja tu." Wakaziba masikio, wakasubiri. Ikalia pa. Na ukirudi unawapa ganda, wanalipuliza kama filimbi. Kwamba mara moja nyani alikukosesha shabaha, risasi ya pili ilikuwa tayari ndani ya bunduki, ukarudi nyumbani nyani akiwa mzima, kwa kuwa uliwaahidi watoto moja.

Nami siku ile ulivyorudi mikono mitupu nilikwambia nini? Nilikwambia umezeeka, huoni. Ukala ugali wako umeinama. Miaka hii mitatu nakusema mchoyo wa risasi, mshamba wa honeti, nakwambia nunua kitu chenye sauti watu wajue shamba lina mwenyewe. Wewe unajibu, "Sauti hii inatosha." Mdomo ulikuwa na kazi gani, ukashindwa kunieleza? Unaniacha niambiwe habari zako nyuma ya pazia na mwanamke wa Burundi, nalia nguo nyeupe yote kamasi!

Haya. Nimeamua, usinipinge.

Nimemwita Jumanne, nikawaita na wale wazee wawili, nikasema nyuma ya pazia. Bunduki haiuzwi. Anarithi Jumanne, nimetia sahihi, mwandiko umepinda lakini ni wangu. Shotigani sitaki kuisikia. Mpaka kibali kitoke, Filipo mwenye honeti yake na kibali chake atalala Simbo alinde mahindi, na Jumanne atakwenda naye kutambaa kwenye tumbo lake nene mpaka ajifunze. Na kabla ya kupiga, wapite kwa Mama Nyandwi, wachuchumae, wainue kidole. Jumanne akaanza, "Lakini Mama..." Nikamwambia lakini kamwambie dume la mkia uliokatika.

Halafu nikamwita Mwajuma amwage debe. Risasi zikatoka zote, mafuta ya dagaa yanazing'arisha. Songoro alizinusa akafumba macho. Jumanne amezifunga kwenye gazeti, kesho anazipeleka polisi zikakae na bunduki yake, na wakiuliza harufu waambiwe mjane hajui kitu.

Jana Filipo alipiga moja. Mtu katoka Simbo kunieleza: pa, kama kijiti, na lile dume likaanguka, halitamtazama mtu tena kutoka kichuguuni. Watoto walisimama, hakuna aliyelala chini. Ganda wanaligombania mpaka sasa.

Eda yangu ikiisha nitakuja na barua hii nikusomee, kwa kuwa huko nako najua hukujifunza kusoma. Nitakuwa nimetia wanja, na utajua wanja huo umetoka kwenye ganda gani. Kwaheri, mume wangu mkaidi. Mungu akupe nafasi ya kutosha huko uliko, na unibakizie upande.

Sasa nisikilize. Ukisikia moja kutoka Simbo, usiamke, lala. Ukisikia ya pili, inuka umchape mwanao.