Jiwe Nyuma ya Injini

Jumanne usiku

Hongera kwangu, mpelelezi wa ukoo. Injini ya mtumbwi wa mjomba, iliyoibwa ufukweni Mwaloni, nimeiona mtandaoni ikiuzwa waziwazi. Muuzaji ana akili sana: kaficha jina, kaficha sura, halafu pichani, nyuma ya injini, kaacha jiwe. Mawe ya Mwanza hayafanani, na jiwe hilo ndilo ninaloanikia sare zangu za shule hapa nyumbani. Juu yake ipo jezi ya kaka Deo, labda imekuja kutoa ushahidi.

Jioni mjomba akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpelelezi wangu. Umempata mwizi? Bila injini siendi ziwani mimi."

Deo alikuwa ananitazama.

"Bado, mjomba."

Mezani Deo akanipa kichwa cha samaki, sato, ambacho hajawahi kumwachia mtu. Nikakila chote.