Kikombe cha Zaina

Mjukuu wangu Rukia,

Huku Mahajanga tu wazima, na mama yako anakusalimu. Umeuliza kwa nini mdogo wangu Zaina aliachwa.

Alijikuna mpaka akatoka damu, na macho yakageuka manjano. Huko kisiwani Nosy Be alikoolewa, mumewe akasema, "Anakunywa pombe kwa siri," akamrudisha kwetu. Daktari wa hapa alipeleka damu yake Ufaransa, tukangoja majuma mengi huku majirani wakinong'ona.

Majibu yalipofika, daktari alisema, "Si pombe. Kingamwili zilizo katika damu yake zinaonyesha kwamba mwili unajishambulia, unaharibu mirija ya nyongo ndani ya ini."

Zaina akalia kwa faraja, ingawa dawa ya kumponya haikuwapo. Nikamwomba radhi, maana mimi pia niliwahi kunusa kikombe chake.

"Nilikuona, dada," akasema. "Tangu siku ile nilikuwa nakiacha mbele yako makusudi."

Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako, Echati