Swali la Chebet Siku ya Wageni

Munyaka, Eldoret

Baba yangu mpendwa,

Nianze na goti lako kabla ya mengine. Linakunjika sasa, au bado unapanda ngazi upande upande kama kaa? Na kile kikohozi cha Mama cha asubuhi, kimepungua? Mimi huku mwili ni mzima. Agosti hii imekuwa ya mvua na baridi, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na ukizivaa bado zina unyevu. Lakini nakula vizuri na usingizi ninapata. Hayo ndiyo ungeniuliza kwa simu, nami ningekujibu "niko salama" tukamaliza. Kwa simu pia ungenikatiza ili unipongeze, na leo sitaki pongezi. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kazi nimepata. Ndiyo hiyo ya kudumu tuliyoiombea miaka yote niliyofundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, kila likizo nikirudi Kisumu bila kujua kama nitaitwa tena. Barua ya kuajiriwa iko hapa mezani na nimeitia sahihi. Sasa tulia nikueleze nilivyoipata, maana njia ulinionyesha wewe.

Likizo hii shule yetu iliita wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka shule mbalimbali za huku, waje wasome sayansi ya mazingira kwa wiki tatu. Wafadhili walikuwa waje siku ya mwisho kujionea. Mkurugenzi wa shule alinikabidhi darasa hilo, akaniambia mbele ya walimu wenzangu, "Madam Anyango, hii program ikienda poa, hiyo barua yako ya permanent nitaisaini mimi mwenyewe." Wenzangu wakacheka kidogo. Wanamjua.

Nilifundisha, Baba. Wacha nijisifu hapa, maana mbele huko hakuna cha kujisifia. Nyuma ya shule kuna kinamasi, na kando yake mkurugenzi amepanda safu ya mikaratusi, ile miti ya blugamu inayokatwa nguzo za stima. Niliwapeleka watoto huko na majembe. Tukachimba shimo moja karibu na miti hiyo na lingine mbali nayo, ndani kabisa ya nyasi, halafu tukapima maji kwa fimbo tuliyoichora alama. Shimo la mbali lilijaa kabla hatujamaliza kuandika. Lile la karibu na miti lilibaki na tope tu. Siku nyingine tulifunga tawi la mkaratusi kwa karatasi ya nailoni ya mkate, na kufikia saa kumi maji yalikuwa yamejikusanya chini ya karatasi, yametoka kwenye majani. Hapo hata wale wavivu waliamka. Ukishaona mti ukitoa jasho, huhitaji kukariri.

Aliyeamka zaidi ni msichana anayeitwa Chebet, kutoka Plateau, analelewa na nyanya yake. Huyo anauliza mpaka unatamani kengele ilie. Aliniambia chemchemi ya kwao ilikauka, na nyanyake anaamini ni laana ya shemeji yake, kwa sababu waligombania mpaka wa shamba. Wazee hao wawili walikuwa hawapeani mkono. Baada ya yale mashimo Chebet alinijia na matope mpaka kwenye viwiko. "Madam, kumbe ni blugamu! Jirani alipanda hapo tu juu ya chemchemi. Hakuna laana." Nikamwambia ndiyo, inawezekana kabisa, ndivyo miti hiyo inavyofanya ikipandwa penye maji. Jumapili aliomba ruhusa akaenda kumweleza nyanyake, na wiki hiyo hiyo nyanya akabeba kibuyu cha maziwa akaenda kwa shemeji kusalimia. Chebet alinisimulia akirukaruka. Nilirudi nyumbani nikijihisi mwalimu wa kweli.

Basi ikafika siku ya wageni. Unajua mambo yetu. Mgeni wa heshima lazima apande mti. Shimo huchimbwa jana yake, yeye anashika koleo, anamwaga maji kidogo, anapigwa picha, na kibao chenye jina lake kinasimamishwa hata kabla mche haujashika. Wanafunzi nao lazima waulize maswali, na maswali hayo huandikwa na mwalimu. Niliyaandika. La kwanza nikampa Chebet kwa sababu sauti yake inasikika: vijana wafanye nini ili kutunza mazingira? Alilikariri vizuri sana.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza itakuwa miche gani. Asubuhi hiyo mkurugenzi alileta trela nzima kutoka kitalu chake mwenyewe. Mikaratusi mitupu. Na mashimo yalikuwa yamechimbwa ndani ya kinamasi, pale pale tulipopimia maji, eti udongo wa hapo ni laini na wageni hawatachoka. Niliona nikajua. Ningeweza kumwambia mkurugenzi. Ningeweza hata kumvuta Chebet kando. Nilirekebisha kitambaa changu cha kichwa nikaenda kupanga kwaya.

Chebet alipopewa maikrofoni mgeni wa heshima alikuwa tayari ameshika mche. Hakuuliza swali nililompa.

"Asante mgeni wetu. Mimi nauliza hivi. Tumefunzwa hapa ati blugamu inamaliza maji. Tulipima hapa kwa hii swampu na tukaona. Sasa mbona tunaipanda hapa tena?"

Mgeni alicheka akasema hilo ni swali zuri, akamgeukia mkurugenzi. Mkurugenzi akanigeukia mimi. Hata hakukasirika, Baba. Alikuwa anatabasamu.

"Madam, ni wewe ulifunza hivyo?"

Chebet naye alikuwa ananitazama, hana wasiwasi wowote, kwa sababu jibu alilijua.

Nikasema, "Hapana. Nafikiri hakunielewa vizuri."

Watu wakapiga makofi na mgeni akapanda mti wake. Wanafunzi wengine walipanda yao, na hakuna aliyeniita nimwonyeshe kina cha shimo. Jioni Chebet hakuitwa kuchukua cheti. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya kuja kusoma kidato cha nne kwetu kwa ufadhili, na nafasi hiyo akapewa mwingine. Mkurugenzi alisema mtoto hana nidhamu. Barua yangu ilitoka Jumatatu.

Sasa nikuambie bila kuzunguka: nimekukasirikia. Tangu utoto wangu ulituimbia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakubwa wako kiwandani walipomsingizia yule fundi mwenzako, jirani yetu, ulikuwa unajua ukweli na ulinyamaza. Alipofutwa kazi, ulituambia mezani kwamba mtu mwenye watoto hana mdomo. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuona mwenye hekima, nikaendelea kula. Haya, nimeinama na cha mvunguni nimekipata, lakini naona aibu mpaka kupita karibu na lile darasa. Hasira hii nusu ni yako na nusu ni yangu, na sijui jinsi ya kuigawa. Usinijibu kwamba kila mtu angefanya hivyo. Najua. Lakini hakuulizwa kila mtu, niliulizwa mimi.

Na Jumapili usisimame mbele ya waumini kutoa shukrani kwa ajili ya kazi hii. Nakuomba, Baba. Ukisimama nitasikia, maana wambea wa huko hawana likizo.

Msalimie Mama, lakini barua hii usimsomee yote, atalia halafu akohoe. Mwambie Ouma, mdogo wangu, aache kupokea pikipiki za watu asizojua kutengeneza. Shangazi Akoth mwambie ile dagaa ya omena aliyonitumia ilifika, na kwa harufu nyumba nzima ilijua imefika. Kwa mjomba wangu wa Maragoli, yeye na watu wake wote, peleka salamu bila habari.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo nimelizunguka tangu nianze. Jumamosi iliyopita nilienda Plateau. Nilimkuta Chebet akikatia ng'ombe majani. Alinawa mikono, akaniletea kiti, akanimiminia chai. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nyanyake alikuwa ndani na hakutoka kunisalimia. Chebet alinieleza kwamba siku aliporudi kutoka shuleni alimwambia nyanya yale ya blugamu hayakuwa kweli, Madam mwenyewe amesema. Sasa laana imerudi, na nyanya haendi tena kwa shemeji.

Halafu akaingia nyumbani, akatoka na daftari lake.

"Madam, nimesoma hizi notes mara tatu. Natafuta mahali sikuelewa, na siioni. Sasa ikikuja kwa mtihani, niandike gani? Ile ya darasani ama ile ya siku ya wageni?"

Nikaweka kikombe chini.

"Andika ile ya darasani," nikamwambia. "Ulielewa sawasawa. Hiyo ndiyo kweli."

Alifunga daftari. Nilidhani atafurahi.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

Binti yako,
Anyango