Ujumbe Niliomtumia Mama Faith

Jumanne. Mvua ya Kabras haijakatika tangu asubuhi. Nimekaa tu, barakoa kidevuni, sina hamu hata ya chai.

Niseme ukweli: nimemponza mtu.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kina mama huniita daktari, ingawa nimesomea semina tu. Miaka yote nimepita kwao wanaume wakiwa kwenye miwa, najifanya naomba mboga, kumbe nakumbusha tarehe za sindano ya kupanga uzazi. Kadi zao za kliniki nawafichia mimi, sandukuni, chini ya vitenge.

Kisha ikaja korona. Tukaambiwa tusiingie nyumba za watu, tutumie simu. Haya, nikatii. Ijumaa nikamwandikia Mama Faith: "Sindano yako ni Jumatatu, usikose."

Ole wangu! Simu yao ni moja. Zamani mumewe aliiacha nyumbani akienda kukata miwa. Sasa kazi imesimama, anashinda nyumbani, na simu iko mfukoni mwake. Nililijua hilo. Nilikuwa na haraka ya kumaliza orodha yangu, basi.

Jumamosi Mama Faith alifika kwangu na mtoto mgongoni, jicho limevimba, mdomo umepasuka. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Daktari, si unajuanga simu inakaanga na nani?"

Heri angenitukana.

Jana nilimpeleka hospitali. Alitibiwa, na sindano akaiomba mwenyewe, akadungwa. Yuko kwangu bado. Kesho liguru, mzee wa kijiji chetu, ametuita sote pamoja na mumewe. Wenzangu wananishauri niseme ujumbe ulikuwa wa mtu mwingine, nilikosea namba. Nami nilikuwa tayari kudanganya, hadi leo mchana.

Tulikuwa tunachambua kunde. Nikamwuliza kama mumewe anajua madaktari walichosema yeye alipopasuliwa kujifungua mara ya tatu, kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Nilidhani hajui. Nilitaka awe hajui, ili nimhurumie kidogo.

"Anajua," akanijibu, macho kwenye mboga. "Tulikuwa naye. Tukitoka akaniambia Mungu ni mkubwa, tujaribu tu kupata kijana mmoja."



Sitasema nilikosea namba. Kesho nitamwomba mwanaume huyo ayarudie maneno yake mbele ya liguru, mkewe akiwa ameketi hapo, anamsikiliza.